Kamba Haipiti Fundo Tupu: Mwalimu Agustina Mokami Anaagwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Mwalimu Agustina Mokami wa darasa la awali anatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kutumikia serikali na watoto wadogo kwa miaka thelathini na minane. Walimu, wazazi na wanafunzi wa Shule ya Msingi Kegesero tutakusanyika uwanjani kumuaga. Turubai limeshafungwa, mbuzi wamepatikana, na kwaya ya darasa la sita imefanya mazoezi mpaka majirani wakaja kulalamika. Kila kitu kiko tayari isipokuwa mwandishi wa wasifu huu.

Nimeketi kuandika, nimeinuka, nimeketi tena. Kila nikishika kalamu nasikia kama kuna mtoto analia nje ya dirisha, natoka kutazama, simuoni. Mwalimu Mkuu amenipa kazi mbili zinazoangukia wiki moja: kuandika maneno haya, na kulipokea darasa la Mwalimu Agustina. Ya kwanza ningeimaliza vizuri kabisa kama isingekuwepo ya pili. Wasomaji wanivumilie basi, maana anayemsifu mstaafu ndiye anayeachiwa watoto wake, na Jumatatu haiko mbali.

Tarehe yenyewe ndiyo inayoniwasha. Mwalimu wa hesabu, kama nilivyokuwa mimi mpaka juzi, anaweza kustaafu Januari na shule isishtuke. Mwalimu wa awali ni jambo lingine. Januari ndiyo mtoto wa miaka mitano anatolewa jikoni kwa mama yake na kupelekwa kukaa na watu asiowajua. Analia, anatoroka, anaumwa tumbo la ghafla linalopona saa nne asubuhi. Mwalimu Agustina amekuwa akitwambia kila mwaka kwamba Januari ndiyo mwaka wenyewe, na kwamba mtoto asiyezoea kuja Januari, Machi utamsikia kwa jina tu. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Yeye hujibu kwamba kwanza umpate huyo samaki. Sasa sheria imemwita mapumzikoni ndani ya Januari hiyohiyo, watoto wakiwa hawajazoea, na aliyepewa kuwamalizia ni mimi, Jackson Heche, mwanamume wa Kikurya niliyezoea kufoka mbele ya darasa la sita.

Mwalimu Agustina alizaliwa Ikoma, upande wa Serengeti, karibu na geti la hifadhi. Baba yake alikuwa askari wa wanyamapori. Kwao watoto walifundishwa kutembea kwa mstari kabla ya kufundishwa kusoma, kwa sababu njia ya kisimani ilikuwa pia njia ya nyati, na mtoto aliyechepuka alikuwa anaweza asirudi. Anasema mama yake alikuwa akiwahesabu kwa kuwaita majina wakiwa bado wanatembea, bila kugeuka nyuma. Hapo ndipo alipojifunza kazi yake, ingawa cheti chake kinataja chuo.

Aliajiriwa mwaka 1988 akapangiwa Nyansurura, hukohuko Serengeti, kufundisha darasa la kwanza. Nyansurura ni nchi ya mahindi na ng'ombe, na siku ya josho darasa lilikuwa linabaki na wasichana wachache na mbuzi aliyepotea njia. Walimu wengine waliandika barua kwa wazazi. Mwalimu Agustina alibeba ubao mdogo kichwani akaupeleka joshoni. Ng'ombe wakipita kwenye dawa, watoto walikuwa wakihesabu pembe. Ng'ombe wakikauka juani, watoto walikuwa wakiandika mchangani. Mkaguzi mmoja alikuja shuleni akakuta darasa tupu, akaelekezwa, akafika joshoni akiwa na viatu vilivyong'arishwa. Inasemekana aliondoka na kinyesi mpaka kwenye soksi, na ripoti nzuri mfukoni.

Mwaka 2003 alimfuata mumewe, fundi seremala, aliyepata kazi upande wa Genkuru, na hivyo Tarime ikampata. Kikurya alikijifunza haraka, ila anakiongea kwa lafudhi ya Kiikoma, na akina mama wa huku bado wanamcheka usoni naye anacheka nao. Miaka mitatu baadaye alikabidhiwa darasa la awali la Kegesero, wakati ambapo darasa hilo lilikuwa ni stoo ya majembe na mkeka mmoja.

Ni lazima nieleze kazi ilivyokuwa, maana wazazi vijana wanaweza kudhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Siku ya kwanza ya Januari ya kwanza watoto walijaa mpaka mlangoni. Wiki ya tatu wote wangetosha kwenye ule mkeka na nafasi ikabaki. Baba alikuwa anasema awali ni michezo tu, mtoto atakwenda akifika darasa la kwanza. Mama alikuwa anawahi mtoni au kwenye kuponda mawe ya dhahabu na hakuna wa kumsindikiza mtoto. Wengine walikuwa wakichunga ndama, na wengine waliogopa barabara ya mgodini kwa sababu ya malori. Hakuna aliyekataa shule. Kila mmoja alikuwa na sababu ya leo tu, na leo hizo zilifuatana mpaka Desemba.

Mwalimu Agustina hakuweza kukaa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwalimu aliyefanya kazi naye atakwambia: mama huyu kiti kwake kina miiba. Mpaka wiki iliyopita ofisini kwetu kulikuwa na kikombe chake cha bati cha bluu, kimefunikwa kwa kisahani. Kila siku saa nne anamiminiwa chai, kila siku anasema anakuja, na kila siku saa sita mpishi anaimwaga ikiwa imepoa na kufanya utando. Miaka yote hii sijamwona akinywa chai ya moto. Mtoto mmoja tu akiwa hajafika, utamwona anakwenda getini, anarudi, anakwenda tena, anavua miwani, anaivaa, na mwisho anashika njia.

Ndipo akaja na kamba. Aliinunua mnadani, kamba ndefu ya mkonge, ya kufungia ng'ombe. Akaifunga mafundo kuanzia mwanzo hadi mwisho, fundo moja kwa kila mtoto, na fundo la kwanza kabisa likawa lake. Asubuhi na mapema alikuwa anakwenda mwisho wa kijiji, anaanza kurudi kuelekea shule, na kila mlango anaopita mtoto anatoka na kushika fundo lake. Barabara ya mgodini wanaivuka pamoja, mto wanauvuka pamoja. Kanuni ilikuwa moja: kamba haipiti fundo tupu. Ikifika nyumbani kwa mtoto na mtoto hajatoka, msafara wote unasimama pale getini na kuimba, "Toka, toka, fundo linakungoja," mpaka atoke, au mpaka mzazi atoke kueleza kwa nini. Hakuna mzazi anayependa kueleza mambo ya nyumbani kwake mbele ya watoto wa mtaa mzima.

Siku ya kwanza ya kamba hiyo, kabla hata ya kanuni na wimbo, imeingia katika historia ya kijiji, na naomba niieleze kwa usahihi kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2008, msimu mbaya wa wizi wa mifugo. Ukungu ulikuwa umelala mpaka kiunoni. Mwalimu Agustina alikuwa akipita kando ya shamba la mahindi makavu, watoto nyuma yake wakiwa bado na usingizi, wanatembea kimya. Bibi Waisiko alikuwa zizini kwake anakamua. Akainua kichwa, na alichokiona ni mtu mmoja mbele amekaza kamba ya ng'ombe, na nyuma yake vitu vifupi vingi vinapita kimoja kimoja ndani ya ukungu. Bibi Waisiko hakupoteza muda. Alipiga yowe.

Msomaji wa mbali aelewe kwamba huku kwetu yowe haliulizwi maswali. Ukilisikia unakimbia kwanza, mambo mengine utayajua mbele. Wanaume walitoka na pinde, mikuki na mapanga. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani sina kazi, nikatoka na rungu la marehemu babu. Tulizikuta nyayo kwenye tope la njia. Mzee mmoja anayesifika kwa kusoma nyayo aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akainuka akiwa amechanganyikiwa.

"Mura," akaniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "hawa wezi ni wengi. Na wote ni wafupi."

Tulizifuata mbio hadi mlango wa darasa la awali. Kamba ilikuwa imetundikwa dirishani na watoto wameketi wanakula viazi. Walipotuona walishangilia, nadhani waliamini baba zao nao wameanza awali. Mwalimu Agustina akatoka, akatazama mikuki, akatazama rungu langu, akawaamkia wazee shikamoo kwa heshima zote. Kisha akasema neno ambalo wazee wanalirudia hadi leo.

"Nyayo zimeishia kwangu. Basi mimi ndiye wa kujibu. Tazameni, kila mtu atafute wake, na kama kuna aliyepungua mniambie."

Hiyo ilikuwa desturi yetu wenyewe aliyotushikia. Ng'ombe wakiibwa, nyayo zinafuatwa kutoka boma hadi boma, na pale zinapoishia, wenye boma hilo ndio wenye wajibu: waoneshe nyayo zinakoendelea, au walipe. Wanaume waliingiza vichwa mlangoni kutafuta watoto wao. Wengine waliwaona. Baba mmoja alitazama mkeka wote, akarudia, akamuuliza mwalimu mwanangu yuko wapi. Mwalimu Agustina akamjibu kwa upole kwamba hilo swali alitaka kumuuliza yeye tangu Jumatatu. Wenzake walicheka mpaka wakaegemea mikuki, na kesho yake mtoto huyo alikuwa kwenye kamba.

Baada ya wiki chache wazee walikutana katika baraza lao, iritongo, wakakubaliana kwamba mtoto wa awali asiyefika shule atafuatwa kama ng'ombe aliyepotea. Nyayo zitafuatwa, na boma zitakapoishia litajibu. Nimewahi kuhudhuria semina nyingi kuhusu mahudhurio ya wanafunzi, zenye chai na vitafunwa, na sijaona azimio lililofanya kazi kama hilo.

Halikukosa vituko. Jilala, mchimbaji aliyekuja kutoka Shinyanga, alikuwa bado mgeni hapa miaka michache iliyopita. Binti yake Getruda alikuja siku mbili, ya tatu akakataa. Kamba ikasimama mbele ya chumba chake cha kupanga. Jirani akamgongea mlango na kumwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba nyayo zimeishia kwake. Jilala alikuwa ameshaonywa na wenzake machimboni kuhusu ng'ombe wa Wakurya na mambo ya nyayo. Akatoka ameinua mikono juu, akiapa kwamba tangu afike Tarime hajagusa hata mkia wa ndama. Wakati anaapa, Getruda alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji, amejifunika kitenge cha mama yake. Mwalimu Agustina hakumvua kile kitenge. Alimwacha aje nacho wiki nzima, akiwa amejizungushia mpaka puani, na siku alipokisahau nyumbani hakuna aliyemkumbusha. Leo Getruda yuko darasa la tatu, na Jilala, siku asipokuwa na zamu shimoni, hushika mwisho wa kamba.

Kuna mwaka mmoja sipendi kuutaja kwenye sherehe, lakini bila huo hamtaelewa kwa nini silali vizuri. Januari 2019 Mwalimu Agustina alilazwa Musoma. Kamba ilishikwa na mwingine (si mimi, Mungu ni shahidi), mtu mwema na mwenye haraka. Mtoto asipotoka, alipita, kwa sababu kengele ilikuwa imekaribia kulia. Alipita nyumba moja, kesho yake mbili. Mwalimu Agustina aliporudi Februari, kamba ilikuwa na mafundo matupu zaidi ya watoto. Akatembea nyumba kwa nyumba, mshono wa upasuaji ukiwa haujakauka vizuri, na bado wako ambao hatukuwapata tena mwaka ule. Wengine tuliwaona wakija darasa la kwanza wakiwa na miaka minane. Siku moja nilimuuliza kwa nini wiki chache tu ziliharibu kiasi hicho. Alinieleza kwamba mtoto akipitwa mara moja, anajua kuwa inawezekana kupitwa, na mama yake naye anajua.

Maneno hayo yamekaa kichwani mwangu tangu Mwalimu Mkuu aliponiita ofisini mwezi uliopita. Nilipokuwa nikifundisha darasa la sita, mwanafunzi asipokuja nilikuwa naweka alama na kuendelea na sehemu na asilimia. Hapa kuendelea ndilo kosa lenyewe.

Kuhusu mafanikio yake, nitayataja kwa ufupi, maana mwenyewe akisomewa sifa huanza kufuta meza. Kwa miaka mingi sasa awali ya Kegesero imekuwa ikimaliza Februari na watoto ilioanza nao, na shule jirani za Tarime na hata Serengeti zimetuma walimu kuja kuitazama kamba. Wawili kati ya watoto wake wa mwanzo ni walimu. Mmoja ni muuguzi, na mmoja anaendesha lori katika barabara ileile ya mgodini. Huyo, akikutana na kamba asubuhi, huzima injini kabisa, anashuka na kusimama pembeni mpaka mtoto wa mwisho avuke. Mwalimu Agustina alipewa cheti cha mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Alichelewa kukipokea kwa sababu alikuwa nje ya uwanja anamfuta kamasi mtoto wa mgeni rasmi.

Na sasa nifike Jumatatu ya wiki hii.

Tulikubaliana kwamba niongoze kamba yeye akiwa bado hajaondoka rasmi, ili jambo likiharibika liharibikie mikononi mwake. Yeye angebaki nyumbani. Nyumba aliyojenga kwa ajili ya kustaafu iko njiani, kati ya barabara ya mgodini na mto, kwa hiyo tungepita getini kwake. Aliniahidi kwamba hatatoka. Alisema atakaa sebuleni, atakunywa chai.

Niliitoa kamba kwenye msumari kabla jua halijachomoza. Vijana wa rika langu walikuwa wamekaa kwenye pikipiki zao wakisubiri abiria, na hawakuniacha salama. "Mura Heche," wakapiga kelele, "umepewa ndama!" Kuchunga ndama kwetu ni kazi ya watoto, hivyo tusi lilikuwa limekamilika. Nikawapungia mkono. Bibi Waisiko, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuwa amesimama zizini kwake. Aliponiona na kamba alifungua mdomo kama anataka kupiga yowe, kisha akacheka kwa mapengo yote. Watoto walitoka mmoja mmoja wakashika mafundo yao. Mmoja alilia, tukasimama, tukaimba, akatoka. Barabara tukavuka. Jilala alikuwa mwisho wa kamba, mimi mbele, na nilianza kuamini kwamba kazi hii inawezekana.

Getini kwa Mwalimu Agustina kamba ilikaza. Nikavuta kidogo, haikuja. Nikageuka. Msafara wote ulikuwa umesimama, na mtoto wa mbele, Boke, ambaye ana miaka mitano na meno pungufu, alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mkorofi.

"Mwalimu," akasema, "fundo tupu."

Alikuwa anaonesha fundo la kwanza. Mimi sikulishika. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshika ncha ya kamba, mbele ya fundo hilo, kwa sababu lilikuwa la Mwalimu Agustina na niliona si adabu kutia mkono wangu pale. Ilikuwa heshima. Lakini watoto hawakuliona hivyo. Waliona fundo ambalo mwenyewe hayupo, waliona nyumba ya mwenyewe, na walijua kinachofuata. Wakaanza: "Toka, toka, fundo linakungoja."

Nikawaeleza kwamba Mwalimu Agustina anastaafu. Nikawaeleza maana ya kustaafu. Boke akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuimba. Nikalishika lile fundo mwenyewe. Wakasema hilo si lako. Nikamtazama Jilala anisaidie, na Jilala, yuleyule aliyewahi kuinua mikono juu mlangoni kwake, akanitikisia kichwa.

"Nyayo zimeishia hapa, mwalimu," akasema. "Mimi hapa sina la kufanya."

Mlango haukufunguka. Nilijua yuko nyuma ya mlango na najua alikuwa amesimama. Niseme ukweli: nilitaka atoke. Nilitaka ashike fundo lake, atangulie, nami nifuate nyuma kama mmoja wa watoto, na mambo ya Januari yabaki kuwa yake. Na papo hapo niliogopa asije akatoka. Akitangulia Jumatatu, Jumanne wangemdai tena, na Jumatano, na siku akiugua au akisafiri kwenda Ikoma kwa ndugu zake, watoto hawa wangekaa getini kwake waimbe mpaka wachoke, kisha wangerudi makwao mmoja mmoja. Ingekuwa ile Januari ya 2019, safari hii ikiwa na jina langu.

Mlango ukafunguka. Mwalimu Agustina alitoka akiwa na kanga kiunoni na kile kikombe cha bluu mkononi. Wiki iliyopita tulimpa aende nacho. Chai ilikuwa inafuka moshi. Watoto walishangilia na kujipanga vizuri, kila mmoja akikaza fundo lake ili mwalimu aone. Alisimama akawatazama kuanzia Boke hadi mwisho, midomo ikitembea, anawaita majina bila sauti. Kisha akaweka kikombe juu ya nguzo ya geti, akachuchumaa, akalichukua fundo la kwanza.

Hakulishika. Alianza kulifungua.

Lilikuwa fundo la miaka kumi na minane, limekazwa na kiganja chake na mvua za masika zote hizo, na vidole havikuliweza. Akatumia meno. Lilipolegea alilivuta, akainyoosha kamba kwa mikono miwili, ingawa pale mahali ilibaki imepinda. Akasimama polepole akiwa ameshika goti.

"Haya, tazameni," akawaambia. "Kuna fundo tupu?"

Watoto wakatazama kamba, mbele na nyuma. Boke aliikagua kuliko wote.

"Hakuna!"

"Basi piteni, mtachelewa."

Wakapita. Kamba ilikuwa nyepesi ghafla, mpaka nikajikwaa. Nilishika kamba pale palipopinda, kwa sababu sasa palikuwa kamba tu, na hakuna aliyenizuia. Tulipofika mtoni watoto walikuwa wameshaanza wimbo mwingine na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Niligeuka mimi. Alikuwa bado amesimama getini, mikono haina kitu, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Kikombe kilikuwa palepale juu ya nguzo na sikuona moshi tena.

Siku hiyo walifika wote. Jumanne walifika wote. Jana mmoja alijificha juu ya dari ya jiko, tukasimama na kuimba hadi kengele ikalia bila sisi, na Mwalimu Mkuu akaja njiani kutafuta darasa lake la awali. Tulifika tumechelewa, lakini tulifika naye, masizi mpaka masikioni. Sijui Februari itakuwaje. Bado nainuka kutazama dirishani. Nimeuliza wenzangu kama hali hii huisha, wakasema nimuulize mstaafu, nami naogopa jibu lake.

Mwalimu Agustina, Kegesero inakushukuru. Inakushukuru Nyansurura ya joshoni, na Ikoma iliyokuzaa ikutume kwetu. Wanakushukuru akina mama waliokwenda kwenye kazi zao wakijua kuna mtu hatampita mtoto wao, na wale wanaume wa mikuki, ambao baadhi yao sasa ni babu wa watoto walio kwenye kamba. Mimi nakushukuru kwa kulifungua lile fundo mbele yangu, maana mimi nisingethubutu.

Jumatatu asubuhi tutapita getini kwako. Utatusikia kuanzia barabarani. Huenda atakuwepo anayelia, na miguu yako itataka kuinuka kabla yako wewe mwenyewe. Tunakuomba jambo moja, na tunajua ni gumu kuliko yote uliyowahi kutufanyia: usitoke. Kaa, mama. Tunakutakia chai ya moto.